Ulilinganisha na Nini? Utafiti wa Mwenendo wa Watu Kusini mwa Maniema

Mtafiti akifika katika kijiji cha Kabambare, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, kwanza humwona kapita, yaani mkuu wa kijiji. Huonyesha barua zake, hueleza alikotoka, kisha huomba ruhusa ya kuzungumza na watu wa nyumba kadhaa. Zamani alibeba karatasi. Siku hizi hubeba simu yenye maswali ndani. Je, wanawake wa hapa husema mikutanoni? Viongozi hutoa hesabu ya fedha za kijiji? Majirani huaminiana? Watu hujibu, yeye huandika, na jioni pikipiki yake hushika njia ya Kasongo. Miezi ikipita hutoka ripoti, Kindu, Kinshasa au London, ikisema kwamba mradi fulani umebadilisha tabia za watu wa Maniema.

Sentensi kama hiyo ina nguvu. Kwa ajili yake mradi huongezewa miaka au hufungwa, na picha ya watu wote wa eneo hilo hukaa katika vichwa vya wanaogawa fedha. Kwa hiyo anayeandikwa humo ana haki ya kuuliza: wamebadilika wakilinganishwa na nani, na mmejuaje? Swali hili ndilo moyo wa utafiti wa mwenendo wa binadamu. Njia za kulijibu ziko nyingi, na kila njia ina aina yake ya swali inayoliweza. Upotovu huingia pale jibu lililopatikana kwa njia moja linapobebeshwa swali la njia nyingine. Kusini mwa Maniema, mahali ambapo wengi hudhani sayansi haijawahi kupita, pana mifano ya kutosha kuonyesha jambo hili.

Kuuliza watu

Njia inayotumika zaidi ni hojaji. Ni ya haraka, na ndiyo inayofaa pale tunapotaka kujua watu wangapi wana nini: wangapi wamesoma, wangapi wanalima mpunga au muhogo, wangapi wamelala njaa wiki iliyopita. Lakini ugumu wake huanza kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Ili watu mia mbili wawe kioo cha watu elfu ishirini, ni lazima kila mmoja kati ya hao elfu ishirini awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na ili apate nafasi hiyo ni lazima jina lake liwe kwenye orodha. Sensa ya mwisho ya taifa zima nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo watu wamezaliwa, wamekufa, wamekimbia vita, wamerudi, na machimbo ya dhahabu ya upande wa Salamabila yamevuta wengine wengi. Hakuna orodha ya kuchukua ofisini.

Basi mtafiti mwaminifu huitengeneza mwenyewe. Hutembea kijiji kizima pamoja na mtu anayekijua, huandika kila nyumba, hata ya mjane aliyejitenga, hata ya wale wanaolala shambani msimu wa mavuno, ndipo achague kwa bahati nasibu. Asiye na subira huanza na nyumba zilizo kando ya barabara. Hapo hukutana na wenye maduka, wenye pikipiki na wale waliokwisha kuzoea wageni wa mashirika, kisha huandika kwamba hayo ndiyo maoni ya kijiji. Kuongeza idadi ya watu hakuondoi kasoro hiyo: ukiuliza watu elfu moja wa barabarani, bado umewauliza watu wa barabarani tu.

Halafu kuna jibu lenyewe. Mtu anayeulizwa humpima anayeuliza. Ametumwa na nani? Nikisema hivi kitakuja nini, nikisema vile kitaondoka nini? Hiyo ni busara ya mtu aliyepita vitani na kwenye foleni za msaada, na haifai kuitwa uongo. Mradi uliofundisha kwa miaka miwili kwamba wanawake wapewe nafasi ya kusema umefundisha pia jibu linalopendwa. Kijiji kilichokuwa na mradi kitajibu vizuri kuliko kijiji jirani, na tofauti hiyo inaweza kuwa ya kulijua jibu tu, bila mwenendo kubadilika hata kidogo.

Bahati nasibu ya vijiji 1,250

Tatizo hilo la majibu mazuri lilishughulikiwa kwa namna ya pekee katika mradi wa Tuungane, mmoja wa miradi mikubwa ya maendeleo ya vijiji kuwahi kupimwa kisayansi mashariki mwa Kongo. Uligharamiwa na serikali ya Uingereza na kuendeshwa na mashirika ya IRC na CARE, ukianza mwaka 2007, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizohusika. Kila kijiji kilichagua kamati, kikajadili mahitaji yake, kikapewa fedha za kujenga au kukarabati shule, kituo cha afya au kisima, na kamati ikatakiwa kusimama mbele ya watu na kutoa hesabu. Lengo lilivuka majengo. Waliouanzisha walitumaini kwamba watu wakishazoea kuchagua, kujadili na kudai hesabu, desturi hiyo ingebaki hata mradi ukiisha.

Kupima tumaini la namna hiyo ni kazi ngumu. Tuseme vijiji vingechaguliwa na wakubwa wa mradi. Wangependelea vinavyofikika kwa gari, vyenye usalama, vyenye chifu anayejua kuandika barua. Baadaye vijiji hivyo vingeonekana vimetangulia, lakini vilikuwa vimetangulia tangu mwanzo. Tuseme wangechagua vilivyoteseka zaidi vitani. Hapo mradi ungeonekana umeshindwa, ingawa vilikuwa nyuma kabla mtu hajaleta hata msumari. Kulinganisha jana na leo ndani ya kijiji kilekile nako hakutoshi, kwa maana kati ya jana na leo bei ya dhahabu hupanda, barabara hufunguliwa, kundi lenye silaha huhama, na yote hayo hubadilisha watu bila kuuliza mradi.

Kwa sababu hiyo vijiji vya Tuungane vilipatikana kwa bahati nasibu. Mradi haukuwa na fedha za kumfikia kila mtu, na bahati nasibu ilikuwa njia ya haki ya kugawa kilichopo. Ilikuwa pia msingi wa sayansi yote iliyofuata. Bahati haiangalii barabara, haimjui chifu, haikumbuki vita. Vijiji vikiwa vingi, wenye bidii na wavivu, walioteseka na walioponea, hugawanyika karibu sawa pande zote mbili. Kinachobaki kuwatofautisha kwa utaratibu ni kitu kimoja tu: hawa waliupata mradi, wale hawakuupata. Kwa kijiji kimoja kimoja hesabu hii haina maana yoyote. Nguvu yake iko kwenye wingi. Vijiji vilivyoupata mradi vilikuwa 1,250.

Lilibaki tatizo la majibu mazuri. Watafiti watatu, Macartan Humphreys, Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, waliamua kutotegemea maneno peke yake. Baada ya mradi kumaliza kazi, vijiji 457, vilivyokuwa na Tuungane na visivyokuwa nayo, vilipewa kila kimoja dola 1,000 bila kuelekezwa jinsi ya kuzitumia. Kisha watafiti walitazama. Nani aliamua matumizi? Wasimamizi walipatikana kwa kuchaguliwa au kwa kuteuliwa? Hesabu ziliandikwa? Fedha zilionekana katika kitu ambacho watu wengi walifaidika nacho, au zilijificha mikononi mwa wachache? Hapa mtu hakuulizwa kama viongozi wake ni waaminifu. Viongozi walipewa nafasi ya kutenda, na matendo yao yakaandikwa.

Matokeo yalikuwa mazito. Vijiji vilivyokuwa vimezoezwa miaka miwili katika chaguzi na utoaji hesabu havikuonyesha tofauti iliyothibitika na vile ambavyo havikuwa na mradi. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 2012, na makala ya kitaalamu yenye uchambuzi wa fedha hizo ikachapishwa mwaka 2019, ikitia shaka juhudi za kupeleka desturi za kidemokrasia vijijini kwa njia ya miradi.

Jambo moja la kazi hii linastahili kusifiwa hasa. Kabla ya takwimu kupatikana, watafiti hao waliandika ripoti ya majaribio yenye takwimu za kubuni, wakionyesha majedwali watakayojaza na vipimo watakavyotumia, wakaeleza utaratibu huo katika makala ya mwaka 2013. Mtu mwenye vipimo mia moja akivichambua vyote, vichache vitaonekana vizuri kwa bahati tu, na kishawishi cha kuvitangaza hivyo na kunyamazia vingine ni kikubwa. Anayetangaza mapema kile atakachotazama amejifunga mikono. Lau matokeo ya Tuungane yangechaguliwa baada ya kuonekana, tungeweza kusikia hadithi tamu kutoka kijiji hiki na kile, na tusingejua kwamba kwa jumla tofauti haikuonekana.

Sasa, matokeo haya yanasema nini? Yanasema kwamba mradi huu, kwa kiasi hiki cha fedha na muda huu, haukuleta mabadiliko ya mwenendo yaliyoweza kuonekana katika jaribio lile. Hayasemi kwamba shule na visima vilivyojengwa ni bure; mtoto aliyepata darasa amelipata. Hayasemi pia kwamba watu wa mashariki mwa Kongo hawabadiliki. Huenda miaka miwili ni michache. Huenda vijiji vilikuwa na njia zake za kukaa baraza, kuchangia na kumbana kiongozi, na mafunzo yalileta kile ambacho tayari kilikuwapo kwa umbo lingine. Huenda dola 1,000 hazikutosha kuwaamsha wenye tamaa. Bahati nasibu hutuambia kama kitu kimeleta tofauti. Haituambii kwa nini kimeshindwa. Hilo huhitaji njia nyingine.

Dalili ya kweli isiyotabiri

Njia ya pili ya kulinganisha haigawi kitu. Hufuata watu kadiri maisha yao yanavyokwenda na kuhesabu. Kasongo ni jina linalojulikana katika vitabu vya afya ya jamii kwa sababu ya kazi ya aina hii. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari na wauguzi wa Mradi wa Kasongo, wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga huduma za afya za msingi huku wakipima kila walichofanya. Mwaka 1984 walichapisha uchunguzi kuhusu wajawazito. Swali lilikuwa hili: je, muuguzi wa kituo cha kijijini anaweza kutambua mapema, kwa dalili rahisi, mwanamke ambaye mtoto atakwama wakati wa kujifungua, ili apelekwe hospitali?

Jibu lilishangaza wengi. Kati ya wanawake ambao mtoto alikwama, asilimia 71 hawakuwa wametambuliwa na dalili hizo. Na kati ya waliotajwa kuwa hatarini, asilimia 90 hawakupata tatizo hilo.

Mtu anaweza kudhani kwamba dalili zilikuwa za uongo. Tufanye hesabu ya mfano. Kati ya wajawazito 1,000, tuseme 100 wana dalili ya hatari, na 10 kati yao wanapatwa na tatizo. Waliobaki ni 900 wasio na dalili, na 25 kati yao wanapatwa pia. Mwenye dalili yuko hatarini zaidi ya mara tatu kuliko asiye nayo: asilimia 10 dhidi ya karibu asilimia 3. Dalili ni ya kweli. Hata hivyo, 90 kati ya 100 waliotishwa wamejifungua bila kukwama, na 25 kati ya 35 waliokwama wametoka katika kundi lililoambiwa liko salama. Kundi kubwa lenye hatari ndogo limezalisha matatizo mengi kuliko kundi dogo lenye hatari kubwa. Hitimisho lake ni la vitendo: kila mjamzito anahitaji njia ya kufika hospitali, si wale waliotiwa alama peke yao.

Nimeikalia hesabu hii kwa sababu kosa hilohilo hufanywa kila siku kuhusu mwenendo wa watu. Mtafiti akisema kwamba vijana wasio na kazi hujiunga na makundi yenye silaha ya Mai-Mai zaidi kuliko wenye kazi, anaweza kuwa anasema kweli kuhusu makundi. Lakini wengi sana kati ya vijana wasio na kazi hawajawahi kushika silaha wala hawatashika, na baadhi ya walioshika walikuwa na mashamba na familia. Anayechukua tofauti ya wastani na kuigeuza hukumu juu ya kijana mmoja aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani amevuka mpaka wa elimu yake, na kosa lake linaweza kugharimu maisha ya mtu.

Yale yasiyoweza kupangwa kwa bahati nasibu

Kuna matukio ambayo hayana bahati nasibu wala vijiji vya kulinganishia. Mwishoni mwa Julai 1964 mji wa Kindu uliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, na Maniema ikaingia katika miezi ya uasi na ukandamizaji ambayo wazee bado wanaisimulia. Hakuna Maniema ya pili ambayo haikupata uasi ili tulinganishe. Je, basi sayansi inyamaze?

Benoît Verhaegen, Mbelgiji aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Kongo, alikataa kunyamaza. Juzuu ya pili ya kazi yake kuhusu uasi wa Kongo, iliyotoka mwaka 1969, inaihusu Maniema. Mwaka 1974 alichapisha kitabu kingine kueleza njia yake, aliyoiita historia ya papo kwa papo. Ndani yake hati, ushuhuda na uchambuzi wa jamii huenda pamoja, na waliotenda hawachukuliwi kama vitu vya kutazamwa kwa mbali. Wanashiriki kutafuta maana ya walichokifanya. Mtafiti anawarudia, anawasikiliza tena, anakubali kusahihishwa. Njia hii ndiyo inayoweza kujibu maswali ambayo dola 1,000 haziwezi kuyajibu: kwa nini watu walifuata, nini kilitangulia nini, hofu ilifanya kazi gani. Nayo ina mpaka wake. Anayesema ni aliyesalimika. Kumbukumbu hujipanga upya kadiri miaka inavyopita, na aliyeshindwa husimulia tofauti na aliyeshinda. Hivyo kila ushuhuda hupimwa kwa mwingine na kwa hati za wakati ule, na hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kusimama kama idadi.

Hata macho ya aliyekuwapo huhitaji kupimwa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatulia risasi soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, na mamia waliuawa, wengi wao wanawake. Msafiri David Livingstone alikuwapo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Baadaye aliinakili upya, na mwaka 1874, baada ya kifo chake, Horace Waller akaihariri kuwa kitabu. Maandishi ya kwanza yalififia hadi yakawa hayasomeki, mpaka timu ya mtafiti Adrian Wisnicki ilipoyapiga picha kwa mwanga wa rangi nyingi na kuyatangaza mwaka 2011. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba shajara ya uwanjani na maandishi yaliyofuata yanatofautiana, hata katika mambo nyeti yanayohusu watu wa msafara wake mwenyewe. Mauaji yalitokea, hilo halibadiliki. Kilichobadilika ni simulizi, kila ilipopita mkononi. Ndiyo maana mtafiti wa leo anatakiwa kutunza alichoandika siku ileile, kabla ya kukipamba, ili mwingine aweze kurudi kukikagua.

Kuna pia jaribio la kumfanya mwanakijiji mwenyewe awe mwandishi. Kati ya 2009 na 2011, huko jirani Kivu Kusini, Humphreys na van der Windt walisambaza simu katika vijiji 18. Kila kijiji kilikuwa na watu watatu, wakiwemo chifu na kiongozi wa wanawake, waliotuma habari za matukio kwa ujumbe mfupi. Habari zilifika upesi na kutoka mahali ambapo mtafiti asingeweza kukaa. Lakini anayeandika kuhusu wenye silaha huishi nao jirani, na usalama wake ni lazima utangulie faida ya takwimu.

Maswali ya kijiji

Nasema haya nikiwafikiria wanafunzi wanaoandika kazi zao za mwisho Kasongo na Kindu, na zaidi nikiwafikiria wenyeji wanaoombwa kujibu. Mwanafunzi mwenye hojaji sitini anaweza kueleza vizuri hali ya watu sitini aliowachagua kwa utaratibu. Hawezi kuandika kwamba jambo fulani limesababisha jingine kwa kuwa tu yameonekana pamoja. Mwenye mahojiano ya kina kumi na mawili anaweza kufungua maana ambayo hakuna jedwali linaloifikia. Hawezi kuandika kwamba wengi wanafikiri hivyo. Hakuna aibu katika mipaka hii. Aibu ni kuificha.

Mwenyeji naye asimwachie kapita peke yake kuitikia. Ruhusa ya kapita humfungulia mtafiti njia ya kuingia kijijini, lakini kila mtu ana haki yake ya kukubali, kukataa, au kuacha katikati bila kunyimwa chochote. Na kabla ya kukubali, aulize. Mmetuchagua vipi, na nani ameachwa nje? Mnatulinganisha na nani? Mtatazama tunachotenda au mtaandika tunachosema? Mmekwisha kutangaza mtakachopima, au mtachagua baadaye? Matokeo yakienda kinyume na matakwa ya wanaowalipa, mtayatoa? Na yatarudi hapa, katika lugha tunayoielewa, tukiwa na nafasi ya kuyapinga?

Mtafiti aliyejiandaa anaweza kujibu maswali hayo yote kwa dakika chache, na asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kutwaa muda wa watu. Kusini mwa Maniema kumetoa maarifa yaliyosomwa na madaktari na wataalamu wa siasa duniani kote. Kwa haki kabisa, wenyeji wake wawe wa kwanza kujua maarifa hayo yalipatikanaje, na yanafika wapi.